Kulinda rangi ya pikapu na Land Cruiser dhidi ya miiba na matawi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa madereva wenzangu wa utalii, kwa wenye pikapu za shamba, na kwa watu wanaoingia porini mara moja kwa mwaka wakarudi na gari lenye mistari ubavu mzima. Mengine nimeulizwa gereji, mengine barabarani, na mengi nimeulizwa na watu wale wale zaidi ya mara moja. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache. Jibu likiwa tayari kwenye swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Tawi likikwaruza gari, linaharibu nini hasa?

Bati la gari limevikwa tabaka kama nne. Ya kwanza ni praima ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani bodi zima huchovywa ndani yake. Inafuata praima ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa ni kliya, ile inayong'aa bila kuwa na rangi yake. Ukizijumlisha zote, rangi ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na kliya peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni karibu maikroni 70. Kinga yote iliyo kati ya bati lako na kutu, basi, ni unene wa nywele mbili.

Tawi la kawaida huishia kwenye kliya. Ile mistari myeupe unayoiona jioni jua likipiga ubavuni si rangi iliyotoka. Ni vijifereji ndani ya kliya vinavyotawanya mwanga. Lakini mwiba mgumu ukisukumwa na uzito wa tawi zima unaweza kuvuka kliya ukaingia kwenye rangi, na mara chache ukafika kwenye bati. Hayo ni mambo mawili tofauti: la kwanza linaharibu sura ya gari, la pili linaharibu gari. Ninayosema hapa chini yote yanaanzia kwenye tofauti hiyo.

Nitajuaje kama gari langu lina kliya?

Si kila gari linayo. Baadhi ya pikapu za kazi, hasa nyeupe, hutoka kiwandani zikiwa na rangi isiyo na kliya juu yake. Toyota nyeupe ya namba 040 ni mfano unaojulikana sana. Chukua polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa safi, kisha angalia kitambaa. Kikishika rangi ya gari, huna kliya. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, maana kwenye kitambaa cheupe hutaona kitu.

Gari lisilo na kliya si baya kwa porini. Mkwaruzo wake hauonekani sana, kwa sababu chini ya weupe kuna weupe uleule. Shida yake ni kwamba huchujuka juani na kuwa kama limepakwa chaki, kwa hiyo linahitaji nta mara kwa mara.

Miti ipi inakwaruza zaidi?

Watu wengi husema "migunga" wakamaliza, lakini migunga haifanani. Kikwata ndicho ninachokiogopa kuliko yote. Miiba yake ni mifupi, imekaa miwilimiwili, imepinda kama makucha ya paka, na tawi lake ni kama waya. Hakikuchomi ukipita, kinakushika. Ukivuta, kinakwenda na wewe, na njia nzima kinachora.

Ule mgunga mfupi wa kwenye udongo mweusi wa mbuga, wenye vinundu vyeusi wanamoishi sisimizi, una miiba mirefu iliyonyooka. Huo hutoboa tairi na kuacha alama ya nukta kuliko mstari. Kikulagembe, unaoziba njia pale mifugo ilipolisha kupita kiasi, hauna miiba mingi, lakini vitawi vyake vifupi vimechongoka na ni vigumu, na kichaka chake ni kizito kiasi kwamba gari husuguliwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nyasi na matawi laini ya majani pekee hayakwaruzi kitu. Vumbi lililoko juu ya majani hayo ndilo linalokwaruza, na ndilo linaloleta swali linalofuata.

Gari likiwa na vumbi, tawi linakwaruza zaidi?

Ndiyo, na kwa mbali. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kliya yoyote. Tawi likipita juu ya vumbi linageuka msasa. Nimeshapita kichaka kilekile asubuhi gari likiwa limelowa umande, nikatoka na mistari michache hafifu. Nilipopita jioni na vumbi la siku nzima, ubavu wote ulikuwa umechorwa. Kama una maji ya ziada na unajua kipande kibaya kiko mbele, mwaga nusu dumu kila ubavu kabla ya kuingia. Maji ya kunywa yatangulie, bila shaka.

Rangi gani huficha mikwaruzo?

Nyeupe, na zile za kichanga. Nyeusi na bluu iliyokoza huonyesha kila kitu. Tena kwenye maeneo ya mbung'o rangi hizo mbili hazifai hata kidogo, kwa sababu ndizo zinazowavuta, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

## Kabla ya kuondoka

Filamu ya kulinda rangi, ile PPF, inafaa kweli porini?

Inafaa, na kati ya kinga zote za kubandika ndiyo pekee ninayoweza kuitetea. Ni plastiki ya polyurethani inayoonekana kama haipo, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, yaani nene kuliko rangi yote iliyo chini yake. Chimbuko lake ni jeshi la Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, lilipotafuta kitu cha kulinda pangaboi za helikopta zisiliwe na mchanga. Filamu nzuri za siku hizi zina uso ambao mikwaruzo midogo hujifuta yenyewe ikipata joto la jua au maji ya moto.

Usitegemee ikuzuie na kila kitu. Kikwata kikishika kweli kitaichana. Lakini kikiichana, umepoteza kipande cha filamu, rangi imebaki.

Gari zima ni gharama kubwa, na kwa gari la kazi sioni sababu. Weka pale panapoumia: milango yote ya pembeni kuanzia chini ya kioo hadi usawa wa kitasa na kidogo chini yake, migongo ya vioo vya pembeni, kingo za madigadi ya nyuma, na taa za mbele. Madigadi ya nyuma watu huyasahau, nami nimeeleza kwenye swali la kona kwa nini hayo ndiyo huumia kwanza.

Stika za kawaida za matangazo hazitoshi?

Zina unene wa karibu nusu ya PPF na hazivutiki kama hiyo, kwa hiyo zinachanika upesi. Zinasaidia kidogo kwa matawi mepesi. Ubaya wake ni jua. Stika ya bei ndogo ikiachwa miaka kadhaa hukauka, hukatikakatika ukiibandua, na gundi hubaki. Kama gari limewahi kupigwa rangi upya, soma kwanza swali la magari yaliyopigwa rangi huko chini.

Na yale mabamba ya sumaku?

Ni wazo zuri kwa anayeingia porini mara moja moja. Unayabandika milangoni ukifika mwisho wa lami na kuyatoa ukirudi. Masharti yake ni mawili, na ukivunja moja utaharibu rangi kuliko tawi lenyewe. Kwanza, mlango na mgongo wa bamba viwe safi kabisa na vikavu, kwa sababu punje moja ya mchanga ikinaswa katikati itasaga rangi kwa kila mtikisiko wa barabara. Pili, usiyaache usiku kucha, maana unyevu hukaa chini yake. Yasikae pia ukiwa barabara kuu kwa kasi, upepo utayang'oa. Kwa magari ya alumini hayafanyi kazi kabisa.

Nimeambiwa seramiki inazuia mikwaruzo. Ni kweli?

Kwa matawi, hapana. Seramiki ni dawa inayopakwa juu ya rangi, nayo huacha tabaka la maikroni chache tu. Huzuia maji na uchafu kung'ang'ania, gari huoshwa kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hupunguza mikwaruzo ya kuosha. Hilo si dogo, lakini mwiba hautalitambua. Nta nayo ni vivyo hivyo, ila haidumu sana na bei yake ni nafuu. Mimi hupaka nta kabla ya kila safari ndefu kwa sababu moja tu: utomvu na vinyesi vya ndege hutoka bila kusugua.

Vipi ile rangi ngumu ya chengachenga inayopakwa kwenye bodi la mizigo?

Kwa pikapu ya shamba au ya kubebea vifaa vya kambi, ni jibu la kudumu. Paka sehemu ya chini ya milango, vizingiti na madigadi, achia juu rangi ya kawaida. Inavumilia mawe na matawi pia. Fahamu tu kwamba kuiondoa ni kazi ya msasa hadi chini, na kwamba ukipaka juu ya kutu, kutu itaendelea kula chini yake bila wewe kuona.

Nyaya zinazofungwa kutoka kwenye ngao ya mbele hadi kwenye keria zinasaidia?

Zinasaidia kwa matawi ya juu. Waya wa chuma uliokazwa kutoka kila pembe ya ngao hadi pembe ya mbele ya keria hupandisha tawi na kulipitisha juu ya paa, badala ya kuliacha lipige kioo cha mbele, nguzo zake na bomba la hewa. Zifungwe kwa namna ya kufunguka upesi, la sivyo kila ukitaka kufungua boneti utatafuta spana. Milango hazilindi.

Sina fedha za yote hayo. Nifanye nini?

Tepu pana ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ikibandikwa kwenye kingo za madigadi na usawa wa vitasa, inatosha kwa siku moja ya njia mbaya. Itoe jioni ileile. Ikishapikwa na jua siku mbili tatu, gundi yake ni adhabu.

Usifunge turubai au mkeka ubavuni. Vinapigapiga, vumbi linaingia nyuma yake, na unafika umesugua gari zima. Usipake dizeli wala oili chafu eti gari litereze. Vumbi hushika kwenye mafuta yakawa uji wa kusagia. Na maji ya breki yasiguse rangi hata kwa bahati mbaya, yanaibabua.

Kinga ya bure kuliko zote ni mguu wako wa kulia, na hiyo ndiyo sehemu inayofuata.

## Ukiwa njiani

Niendeshe vipi kwenye njia iliyobanwa na vichaka?

Polepole kuliko unavyodhani. Tawi lililoinamishwa taratibu huteleza kwenye bodi na kurudi mahali pake. Lililogongwa kwa kasi hupiga, na mwiba unaingia badala ya kuteleza. Tumia gia ya kwanza au ya pili ya hali ya chini (4L), gari litambae lenyewe.

Angalia mizizi, usiangalie ncha. Kijiti chembamba kilichoning'inia mbele ya kioo hakina nguvu. Kinachoumiza ni kisiki au tawi nene lililo chini, usawa wa mlango, ambalo huwezi kuliona ukishalikaribia. Kama njia inaruhusu, pandisha magurudumu ya upande mmoja kwenye tuta la katikati ili uhamie upande wenye matawi laini. Afadhali ubavu mmoja uguswe na majani kuliko pande zote mbili zikwaruzwe na miiba.

Kunja vioo vya pembeni pale panapobana, shusha antena, na kama uko na utingo, ashuke atembee mbele. Hakuna kifaa kinachofikia mtu anayetembea kwa miguu mbele ya gari akikuonyesha kwa mkono. Ndani ya hifadhi, ambako kushuka hakuruhusiwi ila mahali palipotengwa, jibu ni kurudi au kuchagua njia nyingine.

Kwa nini madigadi ya nyuma huumia kuliko ya mbele?

Kwa sababu ya kona. Ukikata kona, magurudumu ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele, hukata kwa ndani. Kadiri gari lilivyo refu kati ya magurudumu ndivyo linavyokata zaidi. Land Cruiser 76 ina milimita 2,730 kutoka ekseli hadi ekseli, 78 ina 2,980, Hilux ya dabo kebini 3,085, na pikapu ya 79 ya kebini moja 3,180. Gari la utalii lililokatwa na kurefushwa gereji linazidi hapo. Dereva aliyezoea 76 akipewa pikapu ya 79 atapitisha pua vizuri kabisa, kisha asikie nyuma *kraaa*.

Kwa hiyo kwenye kona yenye kichaka upande wa ndani, nenda mbele zaidi kabla ya kukata usukani, hata kama pua itagusa majani ya upande wa nje.

Nikikwama kwenye miiba, nirudi nyuma?

Kama unaweza kutoka kwa kwenda mbele, nenda mbele. Ulipopita uliyalaza matawi kuelekea unakokwenda. Ukirudi nyuma, ncha zake zote zinakutazama kama ndoana. Zinaingia kwenye mianya ya milango, nyuma ya vioo, chini ya plastiki za madigadi, na zinang'oa.

Mara moja, kwenye njia ya ng'ombe upande wa Makuyuni, nilirudi nyuma mita tano tu kumpisha mtu wa pikipiki. Tawi la kikwata lilikuwa limeingia kati ya mlango wa nyuma na ukingo wa plastiki. Plastiki ilifunguka polepole kama ganda la ndizi, klipu moja baada ya nyingine, nami nazisikia zikikatika nikiwa tayari nimekanyaga breki. Kushuka na kulikata tawi lile kwa mkasi kungenichukua dakika moja.

Naruhusiwa kukata matawi?

Ndani ya hifadhi za taifa, Tanzania hata Kenya, hapana. Kukata mimea ni kosa, na kuacha njia rasmi ili kukwepa kichaka ni kosa pia. Kama njia ya hifadhi imezibwa, wajulishe askari wa hifadhi, geuza. Nje ya hifadhi, ardhi ina mwenyewe, iwe ni kijiji au mtu. Omba. Na ukikata, ondoa matawi njiani kabisa, kwa sababu mwiba mkavu ulioachwa kwenye alama za matairi njiani utamtoboa mwenzako tairi kesho.

Tukiwa msafara, nikae umbali gani?

Umbali wa kutosha tawi lililosukumwa na gari la mbele liwe limesharudi na kutulia kabla hujalifikia. Ukimfuata mtu karibu, unapigwa na matawi anayoyafyatua yeye, nayo hayaji taratibu. Tena utakula vumbi lake.

Madirisha yafungwe hata kukiwa na joto?

Ndiyo, wakati wa kupita kwenye kichaka tu. Tawi linaloingia dirishani hulenga uso. Na kuna mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani unaopandwa kuzungushia maboma. Ukivunjika hutoa maziwa ambayo yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu kwa muda, na yanahitaji kuoshwa kwa maji mengi na kuonwa na daktari. Rangi ya gari inapigwa tena. Jicho si hivyo. Waambie abiria kabla ya kuingia, hasa watoto.

## Ukirudi

Nioshe vipi gari lililotoka porini?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo. Nimekagua magari mengi ambayo mwenyewe analalamika kuhusu miiba, na nikiyatazama juani naona mistari michache ya matawi, kisha maelfu ya mikwaruzo midogo ya mviringo kila mahali, hadi kwenye paa ambako hakuna tawi lililofika. Hiyo si miiba. Ni kitambaa.

Tazama inavyofanyika. Gari linaingia limevaa vumbi la siku nne. Kijana anachukua kitambaa, anakichovya kwenye ndoo yenye sabuni ya unga, anaanza na mlango, kwa duara, kwa nguvu, kwa sababu anataka uone anavyofanya kazi. Anarudisha kitambaa kwenye ndoo ileile. Maji ni ya kahawia. Anaendelea na boneti. Kila duara analochora linabaki kwenye kliya. Kijana hana kosa, hakuna aliyemwonyesha. Mimi mwenyewe niliacha gari langu lioshwe hivyo miaka.

Fanya hivi. Egesha kivulini, bodi lipoe. Mwagia maji mengi kuanzia juu kwenda chini bila kugusa kwa kitambaa, hadi maji yanayodondoka yawe masafi. Mashine ya presha ni nzuri, ila isogezwe mbali kidogo na mahali palipochubuka, inaweza kufumua rangi. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba. Anza paa, maliza vizingiti, kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Sehemu za chini ziwe na kitambaa chake, kisipande juu kamwe. Sabuni ya unga ya nguo ibaki kwenye nguo, inaondoa nta yote.

Ukiwa porini na maji hayapo, acha vumbi lilivyo. Futa vioo na taa basi. Gari chafu haliharibiki. Linaloharibika ni lile linalopanguswa kavu kila asubuhi ili wageni walione linang'aa.

Nitajuaje mkwaruzo umeingia kiasi gani?

Osha kwanza, kisha fanya majaribio mawili. Lowesha mkwaruzo kwa maji: ukipotea kwa muda, uko kwenye kliya na ni mwepesi. Pitisha ukucha kwa kukatiza: ukinasa, ni wa kina, na polishi peke yake haitaumaliza. Kama unaona kijivu au kitu tofauti na rangi ya gari, umefika kwenye praima. Ukiona mng'ao wa chuma au wekundu wa kutu, soma swali la bati.

Nipolishi kila nikirudi safari?

Tafadhali usifanye hivyo. Kompaundi na polishi haviponyi mkwaruzo, vinaishusha kliya yote iliyo pembeni hadi ifikie kina chake. Kila mara unapoteza maikroni kadhaa, na kliya haioti tena. Kliya ndiyo inayokinga rangi na jua, na jua letu la ikweta halina huruma. Ndiyo maana unaona maboneti yaliyobabuka mabaka meupe kwenye magari yaliyong'arishwa kila mwezi.

Mistari isiyonasa ukucha iache ikusanyike. Mara moja kwa mwaka au miwili, mpe fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi apime kabla na baada. Asiye na kipimo, na anayetaka kuanza na msasa wa namba ndogo, yaani mkali, mshukuru uondoke.

Umefika kwenye bati. Ni haraka kiasi gani?

Bara, kiangazi, una siku kadhaa. Pwani huna. Gari linalofanya kazi Saadani, ambako hifadhi inagusa bahari, au Lamu, linaweza kuonyesha wekundu haraka sana kwa sababu ya chumvi na unyevu.

Safisha kwa spiriti. Kama kutu imeanza, ikwangue hadi chuma safi na paka dawa ya kutu. Kisha praima kwa ncha ya kijiti cha meno, ikauke, halafu rangi kwa tabaka nyembamba mbili tatu, mwisho kliya. Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati cha chuma ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mstari wenye herufi C/TR. Tarakimu za kwanza ndizo rangi. Ukiwa porini huna chochote, hata rangi ya kucha au nta nene itaziba hewa na maji hadi ufike mjini. Haitapendeza, lakini bati litakuwa salama.

Si bora nipige rangi ubavu mzima?

Kama rangi ya kiwandani bado iko, ing'ang'anie. Kiwandani rangi huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, kabla gari halijafungwa vioo wala plastiki. Gereji haiwezi kufika huko, hukausha kwa hadi nyuzi 60 hivi au kwa hewa tu, kwa kutegemea dawa ya kukaushia. Fundi mzuri atakupa kazi nzuri, ila mara nyingi rangi yake haiwi ngumu kama ya awali. Piga rangi upya pale tu rangi imeondoka sehemu kubwa.

## Hali za pekee

Gari langu ni la alumini.

Land Rover Defender, za zamani kwa sehemu kubwa ya bodi na mpya za kuanzia 2020, pamoja na Ford F-150 za kuanzia 2015, zina bodi za alumini. Sumaku hazishiki. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini mkwaruzo ulioachwa wazi hufanya unga mweupe na rangi huanza kuinuka pembeni kama malengelenge. Ziba kama nilivyoeleza kwenye swali la bati, kwa praima inayofaa alumini.

Limeshapigwa rangi upya. Naweza kubandika filamu?

Magari mengi tunayonunua yametumika, na milango mingi imepigwa rangi bila wewe kuambiwa. Filamu au stika ikibanduliwa inaweza kuondoka na rangi ya gereji iliyoshika vibaya. Jaribu kwa tepu mahali pa kujificha, na pima unene. Mlango wenye maikroni nyingi mno kuliko mwenzake una historia. Kama rangi ni mpya kabisa, subiri mwezi mmoja kabla ya filamu au nta, ili viyeyushi vitoke.

Rangi yangu haing'ai, ni ya mati.

Usiipolishi hata kidogo, utaacha doa linalong'aa ambalo haliondoki. Kwa rangi hii filamu ya mati ndiyo kinga pekee ya maana.

Nimekodi gari.

Piga picha pande zote, karibu, kabla ya kuwasha injini, mbele ya anayekukabidhi, ukiliangalia kwa kuinama ili mwanga uteleze juu ya milango. Uliza kwa maandishi kama mikwaruzo ya matawi inahesabika ni uharibifu. Mimi niliwahi kulipia mistari iliyokuwepo kabla yangu kwa sababu nilipokea gari usiku.

Bima kubwa italipa?

Mistari ya matawi kwa kawaida huhesabiwa ni uchakavu wa matumizi, na hata ikikubalika, kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe mara nyingi kinazidi gharama ya kupolishi. Soma mkataba wako, hasa sehemu inayozungumzia matumizi nje ya barabara.

Nikibandika filamu ya rangi nyingine, kuna tatizo?

Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake. Ukibadilisha mwonekano mzima, nenda ukarekebishe kumbukumbu: TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya. Filamu isiyo na rangi haihitaji hayo.

Napita zaidi kwenye nyasi ndefu kuliko miiba.

Rangi yako iko salama, hofu iwe kwingine. Mbegu za nyasi huziba rejeta, na nyasi kavu zikijazana karibu na ekzosi huwaka moto. Funga wavu mwembamba mbele ya rejeta, na kila baada ya kipande kirefu simama mahali peupe, inama, chungulia chini, zitoe kwa waya.

Nataka kuuza gari. Niondoe mistari kwanza?

Polishi moja nyepesi baada ya kupima unene, na kuziba alama zote zilizofika kwenye bati. Usipige rangi milango ili kuficha. Mnunuzi anayejua atakuja na kipimo, na mlango mpya utamfanya aulize kuhusu ajali ambayo haikutokea. Mistari ya kikwata kwenye rangi ya kiwandani inajieleza yenyewe, na bei yake huzungumzika.